Mbwa Niliyemlilia Yuko Mashineni

Wiki iliyopita niliwaacha nimeshika jembe, nimesimama juu ya kaburi la mbwa wangu, na kaburini hamna mbwa. Kuna mfuko wa salfeti uliojaa pumba za mpunga.

Waliokosa gazeti nawapitisha mbiombio. Mimi ni Severini wa Kibaoni, Ifakara, mstaafu wa kivuko cha Mto Kilombero tangu enzi ambazo daraja lilikuwa bado maneno. Mwaka ule wa mafuriko, mvua iliponyesha mpaka kambale wakaingia kanisani Idete na kukaa benchi za mbele ambazo waumini wenyewe wanaziogopa, nilimkuta mbwa juu ya kichuguu. Maji pande zote. Wafugaji walihama na ng'ombe wao, yeye wakamsahau. Nikampakia mtumbwini.

Nikampa jina la Tutaonana. Nilikuwa na jirani niliyetaka alisikie kila asubuhi nikimwita mbwa.

Kosa lake lilikuwa moja tu. Alikulia nyuma ya ng'ombe, basi akiona kundi la watu linatembea, anawadonoa visigino awaswage. Siku moja aliiswaga kwaya nzima, sauti ya kwanza mpaka besi, akaitia kwenye banda langu la kuku. Hakutoboa ngozi ya mtu. Lakini kwaya haikusamehe.

Majirani wakamleta Dokta Lukelo, koti jeupe, mtaalamu wa tabia za mbwa. Akamchoma Tutaonana sindano, akasema ni chanjo ya kichaa. Kisha akamtazama kwa muda wa kumaliza andazi, akatikisa kichwa.

"Mzee, huyu ni muuaji. Hasira iko kwenye damu. Chanjo haifiki huko."

Akamchukua akamlaze usingizi wa moja kwa moja. Akanionyesha udongo uliofukiwa. Nikalia mbele za watu, mimi niliyewahi kumfokea kiboko akanipisha njia.

Na mfuko nilioufukua ulikuwa na alama ya jogoo mwekundu. Huyo jogoo kila mkulima wa bondeni anamfahamu. Ni alama ya mashine ya kukoboa mpunga ya Restuta, kule Malinyi.

Sasa tuendelee.

"Dativa," nilimwambia mke wangu, "nakwenda Malinyi."

"Kununua mchele?"

"Kununua ugomvi."

Hakuinua macho kutoka kwenye ungo. "Nenda. Ila urudi na miguu yako yote miwili. Kumvalisha mzee soksi mimi siwezi."

Maneno hayo yawekeni mahali. Mtayahitaji.

Nikavaa mabuti yangu ya kivukoni na koti refu la mvua linalonifika chini ya magoti. Tukavuka daraja. Njia nzima sikumuwaza mbwa, nilimuwaza Lukelo. Nilimtumbukiza mtoni. Nikamtoa, nikamtumbukiza tena. Basi lilipokwama kwenye tope la Lupiro, abiria wenzangu walishuka kusukuma, mimi nikamzika Lukelo kwenye mfuko wa pumba akiwa hai, akiniomba maji.

Nilifika Malinyi nimechoka kwa kuua.

Mashineni palijaa watu wanaosubiri zamu ya kukoboa. Restuta mwenyewe alisimama mlangoni, mwanamke wa mwili na sauti, nyusi nyeupe kwa vumbi la pumba.

"Shikamoo, mzee. Mpunga wako uko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi sina mpunga. Natafuta mbwa mkali wa kulinda."

Uso ukamchanua. "Umefika penyewe. Lakini usiusogelee mlango ule wa stoo. Komando yumo."

"Komando?"

"Ameua wawili Mlimba. Mmoja alikuwa anakimbia vizuri tu, bado akamfikia. Dokta Lukelo aliyeniuzia ndiye aliyeniambia."

Moyo ulinipiga kama injini ya kivuko ikikataa kuwaka. Nikasema, "Ngoja nimwone kwa mbali," na kabla hajanizuia jicho langu lilikuwa kwenye ufa wa mlango.

Giza. Harufu ya mkojo na pilipili. Kisha nikaona sikio. Sikio la kushoto lenye pengo, lililong'atwa na mamba, au ndivyo ninavyowasimulia watu.

Mbwa wangu. Marehemu wangu.

"Mnamlisha nini?" nikauliza.

"Uji wa pilipili, na nyigu waliosagwa. Dokta ndiye kaagiza. Mchana kutwa gizani, na asisemeshwe vizuri hata kidogo. Akisemeshwa vizuri anapoteza makali."

Nikapiga mluzi mdogo kupitia ufa. Sikio lenye pengo likainuka.

Amenijua, nikajiambia. Amenijua!

Wasomaji wangu, hapo ndipo nilipoteleza.

Pembeni yangu, juu ya gunia lake la mpunga, alikaa mzee mmoja Msukuma, fimbo mapajani. Alijitambulisha kwa jina la Kija. Alikuwa anasikiliza muda wote huku anatafuna muwa.

"Mama," akamwambia Restuta, "huyo mbwa ulimjaribu?"

"Nimjaribuje, baba? Nitampa nani amng'ate?"

"Kwetu hatununui hivyo." Kija akatema makapi. "Ukiniuzia maksai, unamfunga jembe mbele yangu. Anavuta, namwona, ndipo nanyoosha mkono. Asipovuta, unarudi naye kwako na watu wanakucheka mpaka mnada ujao. Wewe umenunua mdomo wa muuzaji, mbwa hujamnunua."

Watu wakacheka. Restuta akaona haya, na haya ya mwanamke mwenye mashine ni kitu cha kuogopa.

Na mimi, hapo hapo, nikaliona jembe la kumfunga Lukelo.

Fikirini wenyewe. Akisema mbwa ni mkali, amfungue mbele ya watu. Hawezi, maana ni mwoga, koti jeupe lile ni la kufunika magoti yanayogongana. Akisema mbwa ni mpole, basi alimwibia Restuta. Kokote atakakogeuka, ukuta.

"Mwanangu Restuta," nikamnong'oneza, "mpigie. Mwambie unataka Komando wengine wawili."

Dokta Lukelo angekuja hata kwa kuogelea. Siku hiyo alikuwa kijiji cha jirani; pumba za mteja mmoja hazijajaa kwenye mifuko, pikipiki ikaingia uani, yeye nyuma amekaa kama bibi harusi, koti jeupe, glovu mfukoni zimening'inia ili zionekane.

Akashuka. Akaniona.

Nimevusha watu wa kila namna pale mtoni, nimeona bwana harusi anagundua amepanda kivuko na mke wa zamani. Sijawahi kuona uso unabadilika vile.

"Shi... shikamoo, mzee Severini."

"Marahaba. Nimekuletea salamu za marehemu."

"Marehemu yupi?"

"Yule uliyemzika kwenye mfuko wa salfeti."

Restuta akageuka polepole kama gunia linavyoanguka. "Mzee, kumbe mnajuana?"

"Tulisimama kaburini wote," nikasema. "Mimi nililia, yeye akanipa pole. Sasa aseme mbele ya wote. Huyo aliyemo stoo ni nani?"

Watu walishaacha mpunga wao. Kati yao alikuwemo Theodori, mwenyekiti wa kitongoji, aliyekuja kukoboa magunia yake kama mtu yeyote, na mgambo wake mwenye bunduki aliyekuja kumbebea. Theodori akasogea mbele na kuvuta suruali juu. Uenyekiti ulikuwa umeingia.

"Dokta, jibu swali la mzee."

Nilitegemea kigugumizi. Nilitegemea jasho. Nilishaanza kutabasamu.

Lukelo akanyoosha koti lake. "Mwenyekiti, ni kweli. Ndiye mbwa wa mzee. Nilishindwa kumuua. Roho iliniuma. Nikaona nimpeleke penye ukuta imara asidhuru mtu, na mzee nikamficha ukweli ili asimfuate akadhurika. Niliyafanya kwa huruma."

"Huruma uliyoniuzia!" Restuta akapayuka.

"Gharama za huruma, dada."

Kicheko. Nikaona kicheko kinamwendea yeye, na nikachukia kila jino lililoonekana pale uani.

"Mwenyekiti," Lukelo akaendelea, sauti imenyooka sasa, "mbwa akiuma mtu kwenye kitongoji chako mnafanyaje?"

"Tunampiga risasi. Tulishakubaliana mkutanoni."

"Basi. Mimi mtaalamu nasema huyu ni mkali. Mzee, ambaye utaalamu wake ni kufunga kamba za kivuko, anasema ni mpole. Afungue yeye. Mbona mnanitazama mimi?"

Uwanja wote ukanigeukia. Jembe nililomtengenezea Lukelo lilikuwa shingoni kwangu.

Kija akaacha kutafuna. "Mzee, siyo lazima. Mbwa aliyefungiwa gizani siyo yule uliyemlea."

Lilikuwa neno la maana, na mimi nililisikia vizuri. Lakini Lukelo alikuwa anatabasamu.

"Nafungua," nikasema.

Mwenyekiti akainua mkono watu wanyamaze. "Sikilizeni, isije ikawa kelele baadaye. Mzee anaingia. Mbwa asipouma mtu, mzee anaondoka naye na Dokta anakwenda kituoni na mgambo. Akiuma mtu, mtu yeyote, mgambo anamaliza kazi hapa hapa, na mzee anamwomba Dokta radhi. Tumeelewana?"

"Ongeza moja," nikasema. "Asipouma, Dokta anipigie magoti kwanza. Hapa, kwenye pumba. Ashike miguu yangu aniombe radhi na watu wote waone."

"Mzee, hiyo si nyingi?"

"Nililia kwenye pumba, Mwenyekiti. Na yeye apige magoti kwenye pumba."

Wakakubali. Mashine ikazimwa. Mgambo akaishusha bunduki begani.

Niliingia na kuurudisha mlango nyuma yangu, ili nisionekane na mtu nikimbembeleza mbwa kama mtoto. Giza likanifunika.

"Tutaonana," nikaita taratibu. "Ni mimi, mwanangu."

Nikapiga hatua moja mbele.

"Tutaonana. Baba amekuja."

Hakubweka. Mbwa anayebweka anakupa nafasi ya kufikiri. Nilisikia kucha kwenye sakafu, kisha nikahisi kitu kama mtego wa panya wenye ukubwa wa mlango ukifunga nyuma ya goti langu, pale pale buti linapoishia.

Sikupiga kelele. Sijui niliwezaje. Niliuma mkono wa koti langu la mvua na nikautoboa, tundu lipo mpaka leo. Meno yalizama, yakatulia humo, na nikahisi joto linatiririka kuingia kwenye buti.

Kisha pua yake ikafika kwenye koti. Koti la kivuko, lile lile nililomfunikia kwenye mtumbwi akitetemeka.

Meno yakaachia.

Akalia, mlio mwembamba ambao sijausikia tangu siku ile ya kichuguu. Akalala chini tumbo wazi. Akautafuta mkono wangu gizani na kuulamba, kiganja na kila kidole, kama anayeomba msamaha kwa lugha anayoijua.

"Nyamaza," nikamnong'oneza, machozi yananitoka. "Hujauma mtu. Umesikia? Hujauma mtu."

Nje Mwenyekiti akaita, "Mzee! U mzima?"

"Mzima kama kengele!"

Nikavuta koti lifunike goti. Nikamfunga kamba shingoni, nikaubandika uso wangu tabasamu la picha ya harusi, nikausukuma mlango.

Uwanja ulilipuka. Muuaji wa Mlimba alitoka anafumba macho kwa jua, mkia unapiga mabuti yangu, kichwa kimeegemea paja langu. Mama mmoja alipiga vigelegele. Restuta alimshika Lukelo ukosi wa koti jeupe na kumtikisa mpaka glovu zikadondoka.

"Komando! Umenifanya nimsagie nyigu mbwa wa kuchezea watoto!"

Niliitazama aibu ile. Sitawadanganya, ilikuwa tamu kuliko pilau ya Krismasi. Mguu uliwaka moto, na bado nilitaka aendelee kutikiswa. Lukelo alitafuta uso mmoja wa kumwonea huruma, akazunguka uwanja mzima, akakosa.

"Mbwa hajauma mtu," Mwenyekiti akatangaza. "Dokta, piga magoti."

Hapo ndipo ningesema yaishe, tumesameheana, mpelekeni. Ningekuwa kwenye pikipiki naelekea kituo cha afya, mbwa mapajani, siri yangu kwenye buti. Lakini nililala siku ngapi nikiyaota magoti yale!

Nikasimama wima. Kila nikihamisha uzito, buti lilisema chwa.

Lukelo akapiga magoti kwenye pumba. Akainama. Mikono yake ikashika mabuti yangu, moja, na la pili.

Akaganda.

Nilishusha macho. Kwenye vidole vyake vya kushoto, vilivyoshika buti langu la kulia, palikuwa na wekundu. Tone lingine lilishuka kutoka kwenye pindo la koti langu na kutua juu ya pumba, likanywewa.

Akainua uso. Nilingoja apige kelele. Ilikuwa ni neno moja tu, mbwa afe, mimi nipige magoti mahali pake.

Hakupiga kelele.

"Amekuuma," akanong'ona.

"Omba radhi, unyamaze."

"Mzee, nisikilize." Midomo yake ilikuwa mikavu. "Ile sindano niliyomchoma kwako. Ile ya kichaa cha mbwa. Ilikuwa maji."

"Mwongo."

"Maji ya bomba, mzee. Zote huwa maji. Na hapa stoo alifungiwa na jike lililokufa wiki mbili zilizopita, likitoa mate, likishindwa kumeza maji. Restuta alinieleza kwa simu, akidhani ni pilipili zimezidi. Mwambie Mwenyekiti sasa hivi. Ukachomwe dawa leo. Usiposema, utakufa kifo kibaya."

Nilimtazama yule mtu. Macho yake yalikuwa na maji, na maji hayo siyajui yalitoka kwenye huruma au kwenye kituo cha polisi kilichomngoja. Maana nikifungua mdomo, Tutaonana anapigwa risasi hapa hapa, na Dokta Lukelo anasimama, anakung'uta pumba, ni mtaalamu tena. Nikinyamaza, naondoka na mbwa wangu na ushindi wangu, na huenda na mauti yangu kwenye buti.

Tangu nimfahamu, Lukelo alikuwa hajawahi kunipa ushauri wa kweli.

"Mzee!" Mwenyekiti akaita. "Mbona huyo haombi radhi, ananong'ona? Anakwambia nini?"

"Ananishauri," nikajibu.

Watu wakacheka. Kija hakucheka. Tutaonana alikuwa ameinamisha kichwa na ameanza kulamba buti langu, la kulia, kwa bidii, kuanzia juu kwenda chini.

Kija akashuka taratibu kutoka kwenye gunia lake, macho yakifuata ulimi wa mbwa. Mgambo akamwona Kija anavyotazama, na yeye akatazama.

"Mzee mwenzangu," Kija akasema, "hebu vua hilo buti."